Somo: Soma uchakavu wa gari lako kwenye picha za zamani za safari za porini

Nyuma ya picha kuna mwandiko wa baba, wino wa bluu uliofifia: Magadi, Agosti 1984. Upande wa mbele ni yeye mwenyewe, ameegemea Land Rover, kofia mkononi, vumbi jeupe limefika hadi kwenye vioo. Miaka mingi nikiishika picha hii nilikuwa namtazama baba tu. Mwaka jana ndipo nilipolitazama gari. Madigadi ya nyuma kushoto imelikaribia gurudumu, na mizigo yote imeshashushwa, iko chini kando ya miguu yake. Gari lilelile lilikuwa nje ya dirisha langu hapa Rongai, likiwa na ufa kwenye chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, palepale springi ya nyuma kushoto inaposhikiliwa. Gereji moja ilikuwa imenibadilishia shoki za nyuma mara mbili kwa sababu gari linayumba. Shoki hazikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa na miaka arobaini, na ushahidi ulikuwa kwenye albamu ya mama.

Wengi wetu hapa Nairobi tuna magari tuliyorithi au tuliyonunua kwa wazee pamoja na picha zake. Kabla hujampa fundi pesa, zisome picha hizo. Nitaeleza jinsi ninavyofanya.

Hatua ya kwanza: toa picha bila kuiumiza

Albamu nyingi za miaka ya 70 na 80 zina kurasa zenye gundi na karatasi ya plastiki juu. Gundi ile hukauka ikaishika picha kama saruji. Usiivute kwa kucha. Kwanza ipige picha ikiwa bado ukurasani, ili ikichanika uwe na nakala. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya kona moja, uuvute polepole huku na huku kama unayekata sabuni. Ikigoma, iache ilivyo. Ukifanikiwa kuitoa, geuza upande wa nyuma na uupige picha pia. Mara nyingi tarehe iko huko.

Hatua ya pili: ipate kwa ukubwa wa kutosha

Simu inatosha kama utaweka picha juu ya meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, ukazima mwanga wa simu, na ukaishika simu sambamba na meza. Ukienda saiba mjini, mwambie kijana aweke skana kwenye nukta 600 kwa inchi, maana wengi huiacha kwenye 200 au 300 iliyowekwa kwa ajili ya vyeti. Kwa 600, picha ya inchi 4 kwa 6 inakupa nukta 2,400 kwa 3,600, na hapo ndipo utaanza kuona nati za rimu na kutu chini ya mlango. Weka nakala mbili mahali tofauti.

Hatua ya tatu: jua ni lini

Bila tarehe huwezi kupanga picha, na bila mpangilio huwezi kuona gari likizeeka. Kama nyuma hakuna maandishi, tazama magari mengine yaliyoingia kwenye picha. Nambari zinazomalizikia kwa herufi, kama zile za KAA zenye A mwishoni, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 80. Ukiiona moja kwa mbali, picha hiyo haiwezi kuwa ya 1975. Tazama pia gari lenyewe: lini taa ya mbele ilipasuka, lini keria ilifungwa juu, lini rangi ilirudiwa. Picha za rangi za miaka ya 70 ambazo zimegeuka nyekundu zisikupoteze. Rangi ya samawati ndani ya karatasi imekufa kwa umri, na ule wekundu hauna uhusiano na vumbi la Tsavo.

Hatua ya nne: pima

Hapa usiwe na haraka. Chagua picha mbili za miaka tofauti ambazo gari limesimama mahali tambarare na limepigwa kutoka ubavuni. Gurudumu ndilo rula yako. Pima upana wa gurudumu kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Usipime kutoka juu hadi chini, kwa sababu chini limebonyea kwa uzito. Kisha pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi juu yake.

Land Rover ya baba ni Series III ndefu, yenye tairi za 7.50-16, ambazo kipenyo chake ni kama sentimita 80. Kwenye picha ya 1979 iliyopigwa Naivasha, gurudumu la nyuma kushoto lina milimita 20 na pengo la habu hadi madigadi ni milimita 12.5. Hiyo ni sentimita 50 kwa gari halisi. Kwenye picha ya Magadi gurudumu lina milimita 24 na pengo milimita 13.5, yaani sentimita 45. Sentimita tano zilipotea kati ya picha hizo mbili, upande mmoja. Nilipochukua tepu nikapima leo, nikapata 43. Kwa hiyo springi ilianguka mapema, ikakaa hivyo, na chesi ikabeba mapigo ambayo springi ilipaswa kuyameza.

Tahadhari mbili. Gari likiwa pembeni kabisa mwa picha, lenzi hulivuta, kwa hiyo tumia picha ambazo gari liko katikati. Na mwenye Land Rover ya zamani ajue kwamba springi za upande wa dereva na za upande wa abiria hazifanani. Za dereva zilikunjwa zaidi kwa sababu zinabeba dereva na tangi. Fundi asiyejua akizibadilisha nafasi, gari litainama hata kama springi ni mpya.

Hatua ya tano: ingia chini ya gari na picha mkononi

Kila njia ina alama yake, na picha inakuambia gari lilipita wapi.

Magadi ndiyo inayoniumiza zaidi. Unateremka kutoka Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi takribani mita 600, na unafurahia barabara hadi unapofika kwenye ukoko mweupe kando ya ziwa. Ukoko ule ni magadi yaliyochanganyika na chumvi. Vumbi lake likipata unyevu, magadi hula alumini na chumvi huozesha chuma. Bodi ya Land Rover ni alumini iliyofungwa kwenye fremu za chuma, na pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwenye picha ya baba, ukikuza ukingo wa chini wa mlango, rangi imefura vipele vidogo kama ngozi iliyoungua. Leo palepale nikipitisha kidole, unga mweupe unabaki kwenye ncha, na mlango una tundu la kupitisha biki.

Picha za kaskazini, Maralal, South Horr hadi Loiyangalani, zitazame kwa macho ya mawe. Mawe meusi ya volkano hukata mbavu za tairi na kugonga chini. Kama kwenye picha moja gurudumu la akiba limehamia mbele na kwenye inayofuata limekwisha, jua siku hiyo ilikuwa ngumu, kachunguze rimu na paipu za breki zilizolala juu ya ekseli.

Barabara yenye mikunjo kama mabati haionekani sana kwenye picha, lakini kama mzee alienda Marsabit kabla ya lami kufika, mtetemo ulifanya kazi yake. Tafuta nyufa ndogo kwenye vishikio vya betri, vya rejeta na vya shoki, na ukaze yubolti zote, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli.

Tope jeusi la Kitengela na Kajiado: picha ya gari limezama hadi ekseli maana yake lilivutwa. Lilivutwa kwa kamba kutoka kona ipi? Nenda kwenye kona hiyo uangalie kama ncha ya chesi imepinda.

Na picha za mtoni. Habu na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, zikiwa moto zikazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili. Fungua nati ya difu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo, iwe ni ya jana au ya mwezi uliopita.

Hatua ya sita: anza albamu yako. Pande nne, na chini mbele na nyuma, gari likiwa tupu, mahali pamoja, kila baada ya miezi sita.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa South C: Picha zetu zililowa kwenye mafuriko ya 2024, zikakauka zikiwa zimeshikana rundo moja. Nizitenganishe vipi?

Pole sana, dada. Kama ni picha za studio za zamani, zilizosafishwa kwa dawa, chukua rundo dogo la zile usizozijali sana uzijaribu kwanza. Zitumbukize kwenye maji safi baridi, usubiri zilegee zenyewe, kisha uzianike zikiangalia juu. Usizisugue. Zilizochapishwa kwa printa ya wino usiziweke majini, wino utaondoka. Na siku nyingine zikilowa, usiziache zikauke zikiwa pamoja. Zifunge kwenye nailoni uziweke kwenye friza hadi upate nafasi.

Mwanachama wa Kikuyu: Mimi nina Probox, si gari la wazee. Somo hili lanihusu?

Linakuhusu, ndugu yangu, maana Probox zinapita njia ambazo wengine wanaziogopa. Kipimo cha gurudumu na madigadi ni kilekile. Tofauti ni kwamba haina chesi ya kujitenga, bodi ndiyo chesi. Kwa hiyo fungua boneti utazame pale juu shoki za mbele zinapofungiwa, na nyuma uinue zulia. Ukiona ufa kwenye rangi au kwenye gundi ya maungio, usisubiri.

Mwanachama wa Kariobangi: Fundi anataka kuichemsha springi yangu ya kushoto aikunje upya. Ni nusu ya bei ya mpya.

Mzee wangu, ukiipasha moto ukaikunja bila kuikomaza tena inavyotakiwa, umeua ugumu wake. Itasimama vizuri mwezi mmoja halafu ilale. Afadhali upite Kirinyaga Road utafute nzuri, na ubadilishe kushoto na kulia pamoja kwenye ekseli moja, vinginevyo utahamisha mwinamo tu. Vishikio na bushi zake zibadilishe siku hiyohiyo.

Mwanachama wa Ngong: Nitokapo Magadi nioshe vipi, na maji kule ni shida?

Usilale na vumbi lile. Osha siku hiyohiyo ukifika Kiserian, maji matupu ya kutosha, ukianzia chini: ndani ya madigadi, juu ya chesi, ukingo wa milango. Zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa waya. Wengi huosha boneti na vioo, gari likapendeza, na chumvi ikabaki pale isipoonekana.

Mwanachama wa Embakasi: Ufa wa Land Rover ya baba ulikwishaje? Na utalirudisha Magadi?

Kipande kilichooza kilikatwa, pakawekwa bamba jipya likachomelewa pande zote, na springi za nyuma zote mbili ni mpya. Pengo sasa ni sentimita 50 na nusu, gari tupu. Tunateremka Agosti, na mama anakuja. Nataka nilisimamishe mahali palepale. Kwenye picha, nyuma ya bega la baba, kuna mlima uliosimama peke yake, ambao nadhani ni Shompole, na mti wa mgunga uliogawanyika mara mbili karibu na ardhi. Kama kuna anayeijua njia ile na akautambua mti huo, naomba aniambie uko kilomita ngapi baada ya daraja la ziwa.