SOMO: Umeokota mtoto wa sungura pori shambani? Soma kwanza kabla hujampa maziwa

Wakuu habari za jioni. Huku kwetu Tabora ndo msimu wa kusafisha mashamba, watu wanafyeka wanachoma moto, na simu haziishi, mara mtoto kaja na kasungura kwenye kofia, mara kameletwa na mbwa, tukape nini. Nimelea kadhaa, wengine nimewapoteza, na wa kwanza nilimuua mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe tena nimemlaza chali kama mtoto mchanga, maziwa yakaingia kwenye mapafu. Inaniuma mpaka leo, ndo maana naandika.

1. Kwanza jiulize kama kweli ni yatima. Sungura wa kufugwa anazaliwa uchi na macho yamefumba, ila huyu wa pori anazaliwa na manyoya yake na macho yanaona, na mama anamwacha kwenye majani peke yake mchana kutwa makusudi, ili harufu ya mama isiwaletee adui. Anarudi giza likiingia, ananyonyesha dakika chache tu anaondoka, maziwa yake ni mazito sana yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe kwa hiyo mtoto anakaa nayo mpaka kesho. Kwa hiyo ukimkuta katulia, hana jeraha, tumbo la mviringo, MWACHE. Ulishambeba? Mrudishe palepale leo leo kabla ya jioni.

2. Yatima ni yule ambaye mama umemkuta kafa, au kang'atwa, au moto umepita, au tumbo limebonyea na ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Huyo mpashe joto kabla ya kitu chochote. Boksi lenye matobo, nyasi kavu, chupa ya maji ya moto uizungushie kanga, na aachiwe nafasi ya kusogea akisikia joto limezidi. Weka chumba chenye giza kimya, redio zima, watoto wasimshikeshike. Huyu mnyama hofu peke yake inamuua, msitanie na hilo.

3. Akishapata joto (mwenye baridi usimlishe kabisa) anza na ORS ya duka la dawa, matone tu. Baadae maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa, uvuguvugu, kwa bomba la sindano la mililita 1 bila sindano yenyewe. Akae wima kwa miguu yake, tone moja moja alambe mwenyewe. Mdogo kabisa mililita 2 mpaka 3, asubuhi na jioni basi. Yakitokea puani acha, mwinamishe kichwa, mfute.

4. Akimaliza kula mfute taratibu sehemu ya haja na pamba yenye maji ya uvuguvugu, mama yake humlamba hapo ndo anakojoa.

5. Majani mabichi ya palepale alipotoka muwekee mapema, kwenye wiki ya pili anaanza kutafuna.

Na sheria ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukaa na mnyama pori bila kibali, kwa hiyo mpe taarifa afisa wanyamapori wa halmashauri yako siku hiyohiyo.

MASWALI

Swali (Urambo): Mkuu mi nimeshamgusa, si mama atamkataa akisikia harufu ya mtu?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hiyo tumeambiwa tangu utotoni ila mama hamtupi kwa sababu ya harufu. Mrudishe.

Swali (Sikonge): Wangu kang'atwa na paka, kidonda kidogo tu, nimempa amoxicillin ya unga ya watoto nusu kijiko.
Jibu: Dada acha sasa hivi tafadhali. Amoxicillin ya kunywa inaua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, anaharisha anakufa. Na meno ya paka yana uchafu mbaya hata tundu likiwa dogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, mwambie ni sungura ili achague dawa nyingine.

Swali (Nzega): Nina sungura wa kizungu ananyonyesha, nimchanganye humo?
Jibu: Usifanye hivyo mkuu. Ni wanyama tofauti, anaweza kumng'ata, na magonjwa wataambukizana.

Swali (Kaliua): Namwachia lini? Wanangu wameshampenda.
Jibu: Akila majani peke yake bila maziwa na anaongezeka, wiki ya nne mpaka ya sita hivi. Kubaliana na afisa, mwachie jioni penye vichaka ambapo moto haujafika. Hao watoto waeleze mapema, na wasimzoeshe kubebwa, maana asiyeogopa mtu akifika porini haogopi na mbwa.

Swali (Urambo tena): Mkuu nilimrudisha jana saa kumi na moja jioni. Asubuhi nimechungulia, tumbo limejaa kabisa!
Jibu: Umenifurahisha sana. Sasa usiende tena kumwangalia, na mbwa wafunge wiki hizi.