Kabla Hujapiga 114

Zimamoto wakifika mtaani, kelele ya kwanza huwa: "Wamekuja bila maji!" Mara nyingi si kweli. Gari lenye lita 5,000 likifungua mipira miwili kwa nguvu, maji huisha ndani ya dakika chache, kisha sharti likajaze tena. Kwa hiyo ulizia leo haidranti ya karibu, yaani bomba la barabarani ambalo gari la zimamoto hujazia maji, iko wapi. Kama imefukiwa na kifusi au imejengewa kibanda, zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa iachwe wazi.

Njia nayo. Mchanga wa ujenzi uliomwagwa barabarani jioni unaweza kulizuia gari nyumba tatu tu kutoka kwenye moto.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, na kupiga ni bure. Taja mtaa, alama inayojulikana kama msikiti au shule, kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Kijana mmoja asimame njia panda na tochi awaelekeze askari wa zimamoto. Wengine kaeni mbali. Pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu walikimbilia kuchota petroli ya lori lililopinduka. Moto ulipolipuka, waliofariki walizidi 100.

Ndani ya nyumba, ninachokiogopa kuliko vyote ni nondo za madirisha na geti la kufuli. Tumeviweka kwa ajili ya wezi, usiku tunajifungia wenyewe. Ufunguo uko chini ya mto wa baba, moto umeanzia sebuleni. Utundike kwenye msumari karibu na mlango, kimo cha mtoto wa miaka saba, mbali na dirisha ili mwizi asiuvue kwa fimbo. Kisha usiku mmoja zima taa, mwambie mtoto atambae hadi mlangoni, maana moshi hutanda juu, afungue mwenyewe kwa kupapasa. Akihangaika na kufuli, badilisha kufuli. Na mwite fundi akutengenezee angalau dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani.

Jikoni, mtungi wa gesi usimame wima. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Ukiona viputo, inavuja. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa: funga mtungi, fungua madirisha, tokeni nje. Mafuta ya kikaangoni yakishika moto usimwagie maji kabisa, yatarusha miali hadi darini. Zima jiko, funika kwa mfuniko.

Kila mtu ajue meni swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima, ilipo. Chagueni pia pa kukutania, tuseme chini ya mwembe wa jirani, na mkifika mhesabiane. Askari akishuka atauliza kama umeme umekatwa na kama kuna mtu ndani. Ukiwa na jibu la hakika, hataingia kwenye moshi kumtafuta mtoto aliyelala kwa bibi yake.