SOMO: Feruzi au haulaiti iliyotiwa rangi? Soma kabla ya kuuliza

Kila wiki natumiwa picha ya mkufu: "Mkuu, hii feruzi ni halisi?" Picha haijibu swali hilo. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Haulaiti ni jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu au myeusi, kama utando wa buibui. Lina vitundu vidogo mno, hivyo linanyonya rangi. Likitiwa buluu, wajanja huliuza kama feruzi.

1. Osha, kausha.

2. Chungulia tundu la shanga kwa kioo cha kukuzia. Buluu ikiwa imejazana kwenye nyufa na ukingoni, ndani kweupe, hiyo ni rangi ya kutiwa.

3. Asetoni, kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha. Hapa ndipo nilipoaibika. Nililoweka kidani kizima cha mteja, nikaenda kunywa chai. Kurudi, gundi imelainika, jiwe limechomoka, tena lilikuwa feruzi halisi iliyoimarishwa kwa resini, aina ya plastiki inayogandishwa. Mng'ao wote umekwisha. Nililipa. Kwa hiyo: kijiti cha pamba, tone moja, upande wa nyuma, MBALI na gundi, sekunde chache. Dirisha wazi, moto usiwepo karibu. Pamba ikitoka buluu, umepata jibu. Isipotoka, bado hujapata: kuna rangi zinazofunikwa kwa nta au resini.

4. Kwaruza jiwe kwa sindano ya chuma, upande usioonekana. Haulaiti ina ugumu wa 3.5 kwenye kipimo cha Mohs (1 laini kabisa, 10 gumu kabisa), feruzi nzuri 5 hadi 6. Feruzi duni nayo hukwaruzika, usihukumu kwa hili peke yake.

MASWALI

— Mkuu, nikiloweka usiku kucha si ndiyo uhakika zaidi?
Hatua ya 3. Isome.

— Yangu niliuziwa kama "feruzi nyeupe".
Jina la dukani hilo. Mara nyingi ni haulaiti ambayo haijatiwa rangi.

— Magnesaiti nayo ni nyeupe yenye mishipa. Mnazitofautishaje?
Swali zuri, hata wauzaji huchanganya. Magnesaiti ni nzito zaidi: msongamano wake (uzito ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule) ni karibu 3, haulaiti karibu 2.6. Pima jiwe likiwa kavu, kisha likining'inia ndani ya maji. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Jiwe liwe peke yake, bila fremu.

— Na jina "haulaiti" limetoka wapi?
Kwa Henry How, mwanakemia wa Nova Scotia, Kanada. Mwaka 1868 wachimbaji wa jasi (jiwe la kutengenezea plasta) karibu na Windsor walimwonyesha madini yaliyokuwa yakiwasumbua. Jiwe tunaloliita laini, kwao lilikuwa gumu: jasi ina 2 tu.

— Nyongeza: msilitie kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo.
Kweli kabisa. Kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha papo hapo. Manukato jipulizie kabla ya kuvaa.

— Mkuu, mimi wa kuloweka. Nilishaloweka jana.
Jiwe limetoka kwenye fremu? Haya, tuma picha. Hiyo naipokea.