Kupanga kurasa za kitabu chako cha RPG: kutoka Word mpaka steshenari na PDF ya simu

Kama umeandika gemu yako ya mezani, ile ya kuigiza wahusika na kurusha dadu inayoitwa RPG, na sasa hivi imekaa kwenye Word kurasa arobaini za A4, usiipeleke steshenari bado. Nimetoka kumsaidia dogo mmoja wa Nyegezi kupanga ya kwake, gemu ya wafanyabiashara wa mtumbwi wanaozunguka visiwani kuanzia Kome mpaka Ukara, na maswali aliyoniuliza naona wengi wanayo, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio. Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Kitabu cha RPG kinafunguliwa katikati ya mchezo, umeme umekatika, watu watano wanamwangalia msimulizi, na yeye anamulika kwa tochi ya simu akitafuta sheria ya mtumbwi kupinduka. Kila unachoamua kuhusu kurasa kipime hapo: ataipata haraka au hataipata?

Hatua ya 1: Saizi

A5, basi. Ni 148 kwa 210 mm, yani A4 iliyokunjwa katikati, karatasi ambayo kila steshenari inayo. Na kwenye simu ukurasa wa A5 unasomeka bila kuvutavuta kwa vidole.

Hatua ya 2: Programu

Tumia Scribus. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, na laptop ya kawaida inaibeba. InDesign ni nzuri sana ila unailipia kila mwezi, na kwa kitabu cha kwanza sioni sababu. Publisher usianze nayo leo, Microsoft wenyewe wametangaza wanaacha kuihudumia Oktoba 2026. Canva sawa kwa kava na bango, lakini kurasa 32 zenye majedwali utateseka. Word ibaki ya kuandikia: maandishi yakamilike huko, yahaririwe huko, ndiyo yahamie Scribus. Ukipanga kurasa huku bado unaandika sheria mpya utapanga kitabu kimoja mara kumi.

Hatua ya 3: Dokumenti na mitindo

Fungua dokumenti ya kurasa zinazotazamana, ukurasa wa 1 ukae kulia. Pambizo: ndani 20 mm, nje 15, juu 15, chini 18. Afu unda mitindo ya aya (Paragraph Styles, yani muonekano unaouhifadhi mara moja na kuutumia kitabu kizima): kichwa kikubwa, kichwa kidogo, maandishi ya kawaida, maandishi ya jedwali. Minne inatosha.

Hatua ya 4: Fonti na safu

Fonti ya maandishi mimi naweka Gentium, pointi 10, nafasi ya mistari 13 au 14. Leseni yake ni ya wazi, unaruhusiwa kuuza kitabu ulichokipanga kwa fonti hiyo. Vichwa weka fonti nyingine moja tu yenye unene.

Safu iwe moja. Najua vitabu vingi vya RPG vya Marekani vina safu mbili na vinapendeza, lakini vingi ni vikubwa karibu na A4, na vimeandikwa kwa Kiingereza chenye maneno mafupi. Piga hesabu: A5 ukitoa pambizo inabaki 113 mm, kwa pointi 10 ni kama herufi 60 na kitu kwa mstari, hiyo ni raha kusoma. Ukiigawa safu mbili kila moja inapata kama herufi 30, afu linakuja neno kama "watakapomshambulia", herufi 18, limekula zaidi ya nusu ya mstari peke yake. Ukinyoosha kingo zote mbili hapo maneno yanaachana mpaka unaona mashimo meupe yanashuka ukurasa mzima.

Hata kwenye safu moja nashauri upange kushoto tu, ukingo wa kulia uachwe uyumbe. Neno likikataa kabisa kukaa, likate mwenyewe kwa kistari laini (soft hyphen), kipo kwenye menyu ya Insert, usipige kistari cha kawaida maana maandishi yakihama kitabaki katikati ya mstari. Kata kwa silabi: wa-ta-ka-po-m-sha-mbu-li-a. Usitenganishe mb, nd, nj wala ng, usiiache "m" peke yake mwisho wa mstari, na ng' isiachane na irabu yake. Halafu hiyo alama ya ng' chagua umbo moja, iliyonyooka au iliyopinda, ubadilishe kitabu kizima, kwa sababu msomaji akitafuta ng'ombe kwenye PDF na wewe umechanganya, simu inaweza kumwambia hakuna.

Hatua ya 5: Fikiria kurasa mbili mbili

Kitabu kikifunguliwa jicho linaona kurasa mbili, kwa hiyo panga kwa jozi. Sheria za mapigano zote ziishie ndani ya jozi moja. Samaki wa ajabu na maelezo yake jozi moja. Jedwali lisikatike kamwe kwenda ukurasa wa pili ambao mpaka ugeuze. Jedwali la dadu mbili kuanzia 2 hadi 12 lina mistari 11 tu, linakaa popote, ila lile la kusoma dadu moja kama makumi na nyingine kama mamoja lina mistari 36, hilo lipe ukurasa wake. Kama sheria imezidi jozi kwa mistari minne, punguza maneno. Usipunguze fonti! Kupunguza maneno karibu kila mara kunaifanya sheria iwe bora zaidi.

Rangi ya kijivu nyuma ya mistari ya jedwali iache, mashine nyingi zinaichapa kama vumbi. Mstari mwembamba unatosha.

Hatua ya 6: Kuchapa

Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo masaa yanapotea na hela pia.

Kitabu cha kukunja na kupiga stepla katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, kwa sababu karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne. 28, 32, 36. Ukiwa na 30 ongeza mbili: fomu ya mhusika na ukurasa wa kuandika kumbukumbu. Kava ni karatasi yake nzito, usiihesabu humo.

Kwenye karatasi moja kurasa hazifuatani. Kwa kitabu cha 32, ukurasa wa 1 unakaa na 32, wa 2 na 31, kila jozi ukijumlisha unapata 33. Maana yake 16 na 17 za katikati ndizo pekee zinazotazamana zikiwa karatasi moja isiyokatika. Ramani ya ziwa iweke hapo! Jozi nyingine yoyote ni karatasi mbili tofauti, pwani ya kushoto haitakutana vizuri na ya kulia.

Upangaji huo wa karatasi usiufanye kwa mkono. Toa PDF ya ukurasa mmoja mmoja kwa mpangilio wa kawaida, afu kwenye Acrobat Reader ukichapa chagua Booklet, pande zote mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu nyuma itatoka kichwa chini. Mwambie kijana wa steshenari kabla hajabonyeza, na simama hapo hapo mpaka karatasi ya kwanza itoke, ikunje, igeuze, hakikisha. Akisema acha flashi uje jioni, mimi naenda duka lingine.

Printa ya kawaida haichapi mpaka ukingoni, inaacha weupe wa milimita kadhaa pande zote. Kwa hiyo kama ni steshenari usibuni picha zinazogusa ukingo. Zile 3 mm za ziada ambazo picha inavuka ukingo ili zikatwe zina maana tu ukienda kwa mchapaji anayechapa karatasi kubwa na kuipunguza kwa mashine. Huyo muulize kabla hujaanza kupanga anataka faili gani.

Kingine ni rangi nyeusi. Nyeusi ya maandishi iwe wino mweusi peke yake, asilimia 100, wino nyingine tatu za rangi ziwe sifuri. Nyeusi ya mchanganyiko kwenye mashine ya rangi inaweza kutoa herufi zenye kivuli, na mashine inaweza kuhesabu ukurasa huo kuwa wa rangi, ukalipishwa hivyo. Kama kitabu cha ndani hakina rangi, toa PDF ukichagua Grayscale, biashara imeisha. Picha ziwe 300 dpi (nukta kwa kila inchi) kwa saizi yake halisi ya kwenye ukurasa, picha iliyopitia WhatsApp kama picha imeshabanwa, omba itumwe kama dokumenti.

Karatasi za ndani gramu 80, kava gramu 250, na stepla ya mkono mrefu. Chapa nakala moja kwanza, cheza nayo usiku mmoja na wenzako, kalamu mkononi, weka alama kila mahali mtu alipotafuta kitu akakikosa. Rekebisha ndiyo uchape zilizobaki.

Hatua ya 7: PDF ya simu

Faili lile lile, ila litoe upya kwa ajili ya skrini: rangi zirudi, picha 150 dpi ili lisiwe zito kutumwa WhatsApp, kava liwe ukurasa wa kwanza. Weka alamisho kwa kila sura, na kila "tazama ukurasa wa 12" iwe kiungo cha kubonyeza. Fonti zote zipachikwe ndani ya faili. Fomu ya mhusika itoe pia kama faili lake pekee, wachezaji wataichapa mara nyingi kuliko kitabu chenyewe.

Kama umetumia sheria za SRD 5.1, yani sheria za msingi za gemu ya Dungeons & Dragons, zile zilizowekwa Januari 2023 chini ya leseni ya CC-BY-4.0 (Creative Commons, unatumia bure ila unataja chanzo), maandishi ya kutambua chanzo ni lazima, yaweke ukurasa wa 2 kwenye matoleo yote mawili, la karatasi na la simu.