Kioo cha dirisha kikilowa asubuhi, angalia maji yapo upande gani

Msimu wa baridi na unyevu, kabla hujaita fundi, pitisha kidole kwenye kioo. Maji yakiwa upande wa ndani, mara nyingi dirisha halina kosa: ni mvuke wa jikoni, bafuni na pumzi za waliolala, umekutana na kioo cha baridi ukageuka matone. Funika sufuria, usianike nguo chumbani, fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika 10 hivi, kisha futa kioo. Ukiyaacha maji yatuame kwenye fremu, kuvu itafuata, na fremu ya mbao itaanza kuoza kwenye pembe za chini.

Kwa dirisha la vioo viwili vilivyounganishwa, ukungu ukiwa katikati yake, hapo kufuta ni kazi bure. Muhuri wa pembeni, yaani kizibo kinachozuia hewa isiingie kati ya vioo, umeachia, na vioo hivyo ni vya kubadilisha. Fremu huwa inabaki ileile, kwa hiyo usikubali haraka kuuziwa dirisha zima.

Jambo linalosahaulika sana ni vile vitundu vya kutolea maji chini ya fremu za aluminiamu na plastiki. Vikizibwa na vumbi, maji ya mvua hurudi ndani. Vizibue kwa kijiti chembamba, na tafadhali usivizibe kwa silikoni ukidhani unazuia upepo.

Kama unanunua jipya, chukua la vioo viwili ukiweza. Dirisha la bawaba hukaza kwenye mpira wake kuliko la kuteleza. Fundi akishaliweka ukutani, lifunge likibana kipande cha karatasi, kisha ukivute: kikitoka kirahisi, fundi arekebishe bawaba kabla hujamlipa.