Ramadhani isikuishie jikoni, nnavyoipanga mie hapa Tanga

Mwenzenu nilikuwa nikifika kumi la mwisho, zile siku kumi za kumalizia mwezi, hoi kama nimebeba magunia pale soko la Mgandini, na wala si kwa kusimama usiku, ni kwa kupika tu. Mwaka mmoja usiku wa 27 nimesujudu, nikaja kushtuka adhana ya alfajiri inalia, mkeka umenichora shavu zima, vidole vinanuka kitunguu na mafuta ya kaimati, na daku limetupita nyumba nzima. Toka siku ile nikasema hapana, huu mwezi ntaupanga kuanzia kwenye sufuria, manake kwetu sisi Ramadhani inapoharibikia ni hapo, kati ya alasiri na isha.

Sasa kama na wewe unataka kubadilika usingoje mwandamo, anza Shaabani, mwezi wa kabla yake. Kwanza madeni ya funga. Sisi wanawake tuna siku zetu, kila mwaka lazima ubaki na siku sita saba za kulipa, na bi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, imepokelewa alikuwa akizilipa ndani ya Shaabani kwa hiyo usione aibu kuwa umechelewa, zilipe tu kabla hujaingia mwezi mwingine. Faida nyingine mwili unazoea, siku ya kwanza kichwa hakikupasui. Wale wa chai ya rangi vikombe vinne kwa siku na gahawa usiku anzeni kupunguza hapohapo, maana kichwa cha siku tatu za mwanzo mara nyingi ni chai hiyo unaidai, watu wanasingizia njaa. Kuvunja jungu, ile karamu ya kuagia kula mchana, vunjeni sijakataza, ila kuvunja jungu wiki nzima hiyo si kuvunja ni kuhamia.

Halafu tafuta Jumamosi moja uimalize kazi kubwa. Mie nachemsha kunde, mbaazi na maharage kwa mkupuo, nagawa kwenye vifuko vya mlo mmojammoja naweka frizani. Sambusa nazifunga zikiwa mbichi, nazipanga kwenye sinia zisigusane mpaka zikauke kwa baridi ndo nazitia mfukoni, ukizitia kabla zinagandana unatoa bonge moja. Nazi nazo, zamani nilikuwa kila siku saa tisa niko juu ya mbuzi nakuna huku jasho linadondoka, siku hizi nakuna nazi nane kwa pamoja nakamua tui nagandisha, tui zito mbali na jepesi mbali. Likiyeyuka linaonekana limekatika kama maziwa yaliyoharibika, usilimwage, koroga na ulitie mwishoni moto ukiwa mdogo. Huna friji? Basi mihogo na magimbi menya usiku baada ya tarawehe, loweka kwenye maji, kesho yake ni kubandika tu.

Ila dawa yenyewe ni sheria ya sahani mbili. Nyumbani kwangu futari ni kitu kimoja kizito na kitoweo chake, basi. Leo magimbi na samaki wa nazi, kesho tambi na maharage, keshokutwa ndizi. Uji wa pilipili manga upo kila siku huo sihesabu, na tende. Kaimati ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza akakuta sahani mbili alininunia siku tatu, akaniuliza mwanangu hii futari au mna msiba, nikamwambia mama kula tu. Siku ya nne akaniambia ameswali tarawehe yote bila kucheua, na sasa ndo mtetezi wangu.

Mana ukweli ni kwamba mtu anayefuturu bajia, katlesi, vitumbua, chapati, mihogo na mkate wa kumimina ndani ya dakika kumi na tano hawezi kusimama rakaa nane achilia mbali ishirini. Sisi tunafungua kwa tende na maji, tunakunywa uji kikombe, wanaume wanakwenda magharibi msikitini, wakirudi ndo tunakaa kwenye jamvi kula. Hapo katikati tumbo linashtuka kuwa chakula kimefika na ile pupa inapungua yenyewe.

Maji sasa. Joto la kaskazi hapa Tanga mnalijua, Ramadhani ikiangukia Februari na Machi unaweza kukaa barazani Ngamiani ukahisi ukuta unakupulizia moto. Watu wanakunywa lita nzima daku halafu saa mbili asubuhi wameshaikojoa yote. Kunywa kidogokidogo kuanzia magharibi, glasi mbili ukifungua, moja kabla ya isha, mbili baada ya tarawehe, moja kabla ya kulala, mbili daku. Juisi ya ukwaju tamu lakini sukari kiasi, na dagaa wa chumvi daku usiwaguse, utaniita adhuhuri. Mwenye sukari, presha, mjamzito na anayenyonyesha aongee na daktari wake kabla mwezi haujaingia, ruhusa ipo kwenye dini, kujikaza mpaka ubebwe na bajaji si uchamungu.

Daku msiiache hata kama ni tende tatu na maji, Mtume amesema ina baraka, na ukiisogeza karibu na alfajiri mchana unakuwa mwepesi. Huku kwetu karibu na ikweta tuna nafuu jamani, saa za kufunga ni kama kumi na tatu na ushee mwaka wowote ule, wenzetu wa Uingereza ikiwaangukia Juni wanapita kumi na saba. Na sisi wa madhehebu ya Shafii nia ya kufunga ni kila usiku, mie watoto nawatilisha tukimaliza tu kula, wakisinzia tayari wameshatia.

Ile saa moja niliyoiokoa jikoni ndo msahafu wangu. Hesabu ni rahisi, msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, ukisoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi ni kurasa 20 kwa siku, juzuu moja hiyo, mwezi ukiisha umehitimu. Ukisema utasoma zote usiku hutosoma, nimejaribu. Zile siku ambazo huswali usijione umetolewa nje ya mwezi, dhikri zipo, dua zipo, kulisha watu kupo, na kuhusu kusoma muulize ustadhi wako maana wanazuoni wametofautiana. Simu nayo iwe na saa zake, mie bando nazima alasiri mpaka baada ya tarawehe, nilikuwa nakuta nimefunga vizuri tumbo lakini stetasi za watu nimezisengenya zote.

Jirani usimsahau kwa kisingizio cha sahani mbili. Pika kilekile ongeza kibaba, mtoto apeleke kabla ya adhana na si baada, na anza na yule asiyekurudishia sahani na kitu. Mama mmoja mtaani kwetu alikuwa akirudisha sahani yangu ameiosha inang'aa na juu ameweka ndimu mbili za mtini kwake, mpaka leo hizo ndimu nazikumbuka kuliko pilau zote nilizoletewa.

Kumi la mwisho sasa usianze tena mambo mapya. Nguo za watoto nunua kumi la kwanza, kule barabara ya nane hakujajaa na bei haijapaa, mapazia fua kumi la pili. Siku hizo kumi nalala kidogo baada ya adhuhuri, futari inakuwa ya frizani tupu, na usiku witri zote naamka, 21, 23, 25, 27, 29, sio ile 27 peke yake, maana Lailatul Qadri, usiku wa cheo, hatukuambiwa ni ipi. Baba watoto akikaa itikafu, kule kujifungia msikitini kwa ibada, nampelekea daku kwa baiskeli mwenyewe.

Na mchele wa fitri, ile zaka ya kumalizia mwezi, nautenga mapema kwenye ndoo yake yenye kifuniko, kilo mbili na nusu mpaka tatu kwa kila kichwa, kichanga naye ana fungu lake, unatoka kabla ya sala ya Idi. Mwaka juzi niliuacha kwenye gunia moja na wa nyumbani, shemeji akaja na wageni wake saba, nikaupika. Usiku wa kuamkia sikukuu nikawa nagonga duka la mtu saa tano.