Anza na nyasi zilizokufa

Mimi mjumbe wa mtaa wa mlimani hapa Mbeya. Ukitaka kujenga njia ya miguu ambayo watu wataipita kweli, ramani weka kando kwanza. Amka saa 12 asubuhi, wafuate wanafunzi na akina mama wanaoshuka sokoni Mwanjelwa. Nyasi zilipokufa kwa kukanyagwa, hapo ndipo pa njia. Ipe upana wa mita 2, anayekokota baiskeli yenye mkungu wa ndizi apishane na mwenzake. Mtaro ufunikwe: nilitumbukia mmoja mvua za Machi, kiatu sijakiona hadi leo. Mlima ukiwa mkali, zungusha njia. Ikishindikana, jenga ngazi, kando yake uweke mfereji mwembamba wa zege wa kusukumia tairi za baiskeli. Bajaji zuia kwa nguzo. Bodaboda watapenya tu. Nenda kijiweni kwao mkubaliane.